Goli la Kulia kwa Redio Yako

Kifuniko cha betri cha redio ya mama kilivunjika zamani, badala yake palikuwa na kipande cha boksi kilichofungwa kwa mpira wa baiskeli. Wiki aliyokufa, tulipokuwa tunatoa vitu vyake chumbani, mpira ukanikatikia mkononi, boksi likaanguka, na ile harufu ikatoka. Sisi tuliokua na redio za betri tunaijua. Ni chachu, ina chumvi na kutu ndani yake, harufu ya betri iliyotoa maji ikasahaulika. Wanangu waliziba pua wakatoka nje wanacheka. Mimi nikakaa chini palepale sakafuni, nikawa tena mtoto wa darasa la pili, mtaani kwetu Rasbura, Lindi, kwenye kibaraza chetu, ninafukuza kuku wasizipige teke betri nilizoanika juani.

Walio rika langu hawana haja ya kuelezwa habari ya kuanika betri. Redio ikianza kuongea kwa mbali kama mtu aliye ndani ya kisima, unazitoa, unazipanga juani, na ukizirudisha zinakupa saa mbili tatu za ziada, Mungu akipenda. Kwetu kazi hiyo ilikuwa yangu. Siku za mpira nilizianika tangu asubuhi, maana kaka yangu Hamza alikuwa golikipa wa timu ya mkoa, na mama alishasema redio ikizimika kaka yako yuko golini, utanitambua.

Baba alikuwa ameshatangulia mbele ya haki. Aliacha nyumba, minazi kidogo, na hiyo redio. Mama alisuka ukili, akashona mikeka, tukala. Hamza ndiye alikuwa mwanamume wa nyumba, kijana mrefu, mikono mirefu mpaka mama alikuwa akimtania kwamba shati lake ni la kushonewa na fundi wa mapazia. Akirudi mazoezini alikuwa ananirushia chungwa kutoka barabarani, nami nalidaka au linanipiga kifuani, tunacheka wote wawili.

Wakati huo mpira hatukuutazama, tuliusikia. Macho yetu yalikuwa kwa mtangazaji. Alikuwa mtu mzima, sauti nzito, hana haraka, na kabla filimbi haijapigwa alikuwa kwanza anatutandikia uwanja kama unavyomtandikia mgeni mkeka. Ndugu msikilizaji, anasema, uwanja wetu leo unalala kutoka kushoto kwenda kulia kwa redio yako. Anakwambia jua liko wapi, nani kavaa rangi gani, nyasi zimelowa au hazikulowa. Halafu ndipo anasema lile tulilokuwa tunalingoja, kwamba vijana wa Lindi wanaanza kwa kulinda goli la kushoto kwa redio yako.

Hapo mama anainuka. Anachukua ukili wake na mkeka wake, anahamia kushoto kwa redio, anakaa, ananyoosha miguu. Amekaa nyuma ya goli la mwanawe. Mpira ukiwa mbali, upande wa kulia, vidole vyake vinasuka. Mtangazaji akianza kusema mpira unakuja, unakuja, wanaingia eneo la hatari, vidole vinasimama na midomo inacheza, Ya Hafidhu, Ya Hafidhu, mpaka yule bwana aseme Hamza kadaka. Kisha vidole vinaendelea. Kipindi cha pili timu zikibadilishana magoli na mama naye anabadilisha. Anakung'uta khanga, anaburuta mkeka mpaka kulia kwa redio, anakaa tena.

Mjomba Mfaume, kaka yake mama, alikuwa haachi kumchokoza. Yeye alikaa mlangoni na kikombe chake cha kahawa, siku zote mlangoni, ili watu wanaopita wamuulize matokeo.

"Dada, si ugeuze redio tu? Unahamahama na mikeka kama umefukuzwa na mume."

Mama akamjibu bila kumtazama: "Nigeuze wachezaji waanguke?"

Mjomba alicheka mpaka kahawa ikamwagika. Mimi sikucheka. Mimi nililichukua lile neno kama nilivyochukua maneno ya mwalimu wa chuoni kwetu tulikosoma Kurani, kwamba hivyo ndivyo ilivyo. Tangu siku ile nilipokuwa nafagia niliinua redio kwa mikono miwili, sawasawa, kama bakuli la uji lililojaa. Mtoto wa jirani alipoilaza chali siku moja nilimpiga kibao, na nilipoulizwa sababu nikasema atamvunja kaka. Wakubwa walicheka sana. Hakuna aliyenielewesha, na kwa kweli sijui wangenieleza nini.

Timu yetu mwaka ule ilishinda na kushinda. Timu za mikoa mikubwa zilitolewa moja moja, na sisi watu wa kusini, ambao tulizoea kutajwa redioni barabara ikikatika tu, tukaanza kutajwa kwa sababu ya kaka yangu. Mechi ya nusu fainali alidaka mpira ambao hata mtangazaji alishautangaza kuwa ni goli. Alijikatiza katikati ya neno. Akanyamaza kidogo, halafu akasema kwa sauti ya chini, kama anatuambia siri, kwamba mikono ya kijana huyu wa Lindi imepakwa gundi.

Kulipokucha Hamza alikuwa hana jina lingine. Gundi. Sokoni wanauliza mama yake Gundi kapita? Mwenye duka aliniongezea kashata akasema mpe salamu zangu Gundi, na mimi nilikuwa mdogo wake Gundi, nikatembea mtaani shingo nimeinyoosha. Mama alijidai hapendi. Mtoto nimempa jina zuri, anasema, wao wanamwita kitu cha kubandikia bahasha. Lakini nilimsikia mwenyewe akimweleza mwanamke mmoja kisimani, neno kwa neno, jinsi mtangazaji alivyosema, hata kule kunyamaza alikunyamaza.

Fainali ilichezwa Dar es Salaam, masika. Barabara ilikuwa imekatika Rufiji, timu ilishaondoka mapema. Siku mbili mvua haikupumzika, jua hakuna, na mimi nina betri mkononi. Nilizipanga jikoni, kando ya mafiga, nikakaa nazo nazigeuza kama mihogo. Mama alichungulia akasema zisogeze, zitapasuka, halafu akakaa na yeye, tukazilinda wote.

Mtaa mzima ulikuwa kimya. Kila nyumba yenye redio ilikuwa na watu mpaka uani, na sauti ilikuwa moja, ukipita barabarani unasikia mpira wote bila kukosa neno. Kipindi cha kwanza Lindi walilinda goli la kushoto, mama akakaa kushoto, hakuna aliyefungwa. Kipindi cha pili akahamia kulia. Ukili haukushikwa kabisa siku hiyo, ulikuwa umelala mapajani. Sauti ya redio ilianza kupungua, tukaisogelea, Mjomba Mfaume akaacha mlango wake kwa mara ya kwanza, tukawa vichwa vitatu juu ya redio moja.

Mpira ulikuwa unakaribia kwisha. Mtangazaji alisema ni shuti la mbali, halina nguvu, Hamza anaufuata, anao. Akasema anao. Halafu akasema la, umemponyoka, umemponyoka, umeingia wavuni. Kukawa na makelele ya uwanja, na katikati ya makelele yale nikasikia mtu akicheka, yule msaidizi wake anayekaa naye, na mtangazaji mwenyewe akasema na kicheko kwenye sauti:

"Gundi imeyeyuka, ndugu msikilizaji. Gundi imeyeyuka."

Hakusema kwa ubaya. Nimelifikiria jambo hili miaka mingi, na mimi naamini hakusema kwa ubaya. Ni neno limemjia, na kazi yake ilikuwa maneno. Lakini nchi nzima ililisikia, na nchi nzima ikacheka naye. Mjomba alivaa kofia yake akaondoka bila kuaga. Mama aliweka kiganja chake upande wa kulia wa redio, pale goli lilipokuwa, akakiacha hapo, kama unavyomwekea mkono mtoto mwenye homa. Mkono ulikuwa bado upo hapo betri zilipokwisha.

Kesho yake asubuhi maneno yale yalikuwa yameandikwa kwa mkaa kwenye ukuta wa ghala, njia ya kwenda shuleni. Watoto hawakuniita tena mdogo wake Gundi. Waliniita mdogo wake Maji. Wakubwa walikuwa na yao: Hamza ana mikono ya ugali wa jana, Hamza kapewa samaki hai anafikiri ni jiwe. Ni watu walewale wa kashata. Mama alipita katikati yao na mikeka yake kichwani akiwasalimu mmoja mmoja, na aliyestahili shikamoo alipewa shikamoo yake.

Timu ilirudi barabara ilipofunguka, kwenye lori, matope mpaka kwenye nywele. Hamza hakuwamo. Kiongozi wa timu alikuja nyumbani, akavua viatu, akamwita mama shangazi ingawa hatukuwa na undugu naye. Alieleza kwamba asubuhi ile baada ya mpira Hamza aliondoka pale walipofikia, akasema anakwenda kumtafutia mama yake khanga. Walimngoja. Wakamtafuta. Mvua, mji mkubwa, na gari inataka kuondoka. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru kwa kuja, akampa maji ya kunywa. Kisha akauliza jambo moja tu, kama Hamza alikuwa amekula. Yule bwana alisema hakumbuki.

Hapo ndipo mimi nilipopata akili yangu ya kitoto. Wao walikuwa wanamtafuta Dar es Salaam, na mimi nilijua kaka yuko wapi. Lori halikumleta kwa sababu hakupanda lori. Redio ilizimika yeye akiwa golini, goli la kulia, amefungwa, watu wanamcheka, na giza likamkuta humo ndani. Ameona haya. Amejificha nyuma ya nyavu mpaka watu wasahau. Jua liliporudi nilianika betri kila siku, bila kutumwa. Nilizirudisha, nikaifungua redio kwa sauti ndogo, nikaisogeza midomo yangu upande wa kulia, kwenye vile vitundu.

"Kaka, toka," nikasema. "Mama hajakasirika."

Mama alikuwa nyuma yangu. Sikujua amesimama pale tangu lini. Nilijua nitagombezwa kwa kumaliza betri, nikaanza kuzima. Akanishika mkono.

"Mwambie tena," akasema. "Labda wewe atakusikia."

Nikamwambia tena. Yeye aligeuka akaingia jikoni, na siku ile tulikula usiku umeshaingia.

Miaka ilikwenda. Kuna mtu wa Nangurukuru, mwenye kibanda cha chai pale wanaposhuka abiria wa Kilwa, alisema amemwona akiwa kwenye basi, akaapa. Mwingine alisema yuko bandarini Dar es Salaam, anabeba mizigo. Wengi walisema amezamia meli na vijana wenzake, na meli zile, wengine wakigunduliwa katikati ya bahari, inajulikana walitupwa majini. Mama alifanya mambo mawili. Mchana alisikiliza matangazo ya vifo, ukili mkononi, mpaka jina la mwisho lisomwe, akiomba asilisikie. Na siku za mpira alimsikiliza yule mtangazaji, akiomba alisikie. Aliniambia yule bwana ndiye aliyemtoa mwanawe mbele za watu kwa jina lake, na anaona viwanja vyote, siku akimwona atamtaja. Sikumsikia kumlaani hata mara moja. Timu yetu ilishatolewa, wanacheza wageni watupu, lakini bwana yule akishatutandikia uwanja mama alichagua goli, akahamia, akakaa nyuma yake. Kipindi cha pili akahama.

Mama hakuwa mjinga. Nilipokuwa mkubwa ndipo nikaelewa kwamba alijua vizuri kuliko wote kwamba humo ndani hakuna mtu. Ni kwamba mtoto wako akiwa na shida unakaa karibu, na kama huna pa kumkaribia unakaa karibu na pale walipokuambia yupo.

Mtangazaji yule alikufa mimi nimeshaolewa, nina mtoto mgongoni. Nilikuwa nimekuja kumtembelea mama, tunachambua mchele, na habari ikasomwa na sauti nyingine, ya kijana. Mama alisema inna lillahi wa inna ilaihi rajiun. Akaendelea kuchambua. Halafu akaacha.

"Sasa huko hakuna anayemjua Hamza," akasema.

Waliokuja baada yake ni vijana wa sauti kali, wanashindana na mpira wenyewe. Siwalaumu, wanapendwa. Wanacheka, wanapiga vijembe, wanasoma matangazo ya sabuni mpira ukiwa kona. Lakini uwanja hawautandiki. Labda wanaona kila mtu ana televisheni, wa nini kumwambia kushoto na kulia. Mama alikuwa mzee sasa, macho yamefifia, mkeka ameukunja mkononi, amesimama katikati ya chumba na redio inapiga kelele.

"Huyu kijana hasemi kushoto wala kulia. Nikae wapi, Hawa?"

"Kaa popote, mama."

"Popote si mahali, mwanangu."

Nikamchagulia upande. Kila mpira nikawa ninamchagulia, naye anajua kuwa ninabahatisha, anakaa.

Masomo yangu niliyamalizia ukubwani, darasa la jioni, mimi na wamama wenzangu na khanga zetu mabegani. Mwalimu wa sayansi siku moja alifundisha habari ya redio, kwamba sauti inasafiri kwa mawimbi, inafika, inapita, haibaki ndani ya chombo hata kidogo. Ilikwenda ikapita. Wenzangu waliuliza maswali. Mimi nilikuwa mtu mzima mwenye watoto, nilishalijua hilo kitambo, na bado nilihisi kama mtu kanifungulia jeneza akanionyesha ni tupu.

Kila baada ya sala mama alikuwa na dua ndefu. Aliwaombea walio hai kwa majina, mimi, wanangu, Mjomba Mfaume. Kisha akawaombea waliotutangulia, baba, wazazi wake. Hamza hakumweka kwa hawa wala kwa hawa. Alimtaja katikati, peke yake, akinyamaza kabla na akinyamaza baada. Alipougua mara hii nilijua tunaelekea wapi, kwa sababu kule kunyamaza kulikuwa kurefu mpaka nikadhani amelala. Hakunitajia wosia wowote juu yake. Alikata roho alfajiri ya Ijumaa, na aliyeshuka kaburini kumpokea ni mwanangu, mahali pa Hamza.

Nilipeleka tangazo redioni. Kijana aliyepokea simu aliandika majina ya wafiwa, alipofika kwa Hamza akauliza huyu yuko mkoa gani. Nikasikia mdomo wangu unasema andika popote alipo. Akasema sawa mama, pole.

Lilisomwa mchana, siku ya Jumapili, nami nimeweka betri mpya kwenye redio ya mama na kuifunga upya kwa uzi. Wanangu walitaka tusikilize kwenye simu, nikakataa. Msomaji alikuwa na haraka, walikuwepo marehemu wengi. Alimtaja mama jina lake kamili, akataja Rasbura, akasema habari hizi zimfikie kaka yake Mfaume, zimfikie Hawa na wanawe, ambao ndio sisi tuliokuwa tumekaa pale, na zimfikie mwanawe Hamza, popote alipo. Hivyo ndivyo jina lake lilivyorudi hewani, baada ya kungojwa na mama maisha yake yote, naye hayupo kulisikia. Watu walipiga simu kunipa pole, kutoka Rutamba, kutoka Kilwa, hata Mtwara. Namba nisiyoijua ililia mara moja, nikaipokea. Alikuwa mtu anayeuza viwanja.

Matangazo ya vifo yalipokwisha ukaingia mpira, fainali, kijana anapiga kelele tangu neno la kwanza. Wanangu walikuwa wameshatoka. Niliutoa mkeka wa mama, nikaukunjua, nikasimama nao pale katikati ya chumba, nikamsikiliza nione kama atasema kushoto au kulia. Hakusema. Nikaukunja tena. Nikainama kwenye redio, upande wa kulia, mwanamke mzima, yatima wa juzi, nikaweka midomo kwenye vile vitundu.

"Kaka, mama amekufa. Hakuwa amekasirika."

Kijana alipiga ukelele. Mtu alikuwa amefungwa goli, na sikujua ni upande gani.